Jessie Fauset ndiye aliyemtoa Langston Hughes. Kwa nini aliondoka The Crisis mwaka 1926?

Bint Mzizima (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Humu jukwaani mashairi ya Langston Hughes, yule mshairi mweusi wa Marekani, hayakauki. Lile la mito, "The Negro Speaks of Rivers", ndilo linalobandikwa zaidi. Lakini mtu aliyeipokea bahasha yake, akasoma na kusema huyu kijana achapwe, sijaona akitajwa humu hata mara moja. Anaitwa Jessie Redmon Fauset. Mshairi, mwandishi wa riwaya nne, na kuanzia 1919 hadi 1926 mhariri wa fasihi wa The Crisis, jarida la NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi Marekani, ambalo msomi mweusi W.E.B. Du Bois alilianzisha New York mwaka 1910.

Hughes aliliandika shairi la mito mwaka 1920 akiwa ndani ya treni, kijana bado, anakwenda Mexico kwa baba yake. The Crisis ikalitoa Juni 1921. Fauset mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alilichukua shairi akampelekea Du Bois, akamuuliza ni mtu gani mweusi Marekani nzima anayeandika namna hii na sisi hatumjui.

Sasa tazameni. Mwaka 1926 Hughes anatoa kitabu chake cha kwanza, Harlem, mtaa wa watu weusi New York, inasemwa kila kona, wachapishaji wa kizungu wanawatafuta waandishi weusi kwa tochi. Na mwaka huohuo aliyewalea anaacha kiti chake. Mwaka unaofuata yuko darasani anafundisha Kifaransa wavulana wa sekondari.

Dai langu: hakuondoka kwa hiari yake, alisukumwa. Mnasemaje?

Kalamu Kavu
Siti ya mbele. Mleta uzi, ungeweka na picha yake.

Mwl. Ndanda
Uzi mzuri. Kwa wasiomjua kabisa nianzie nyumbani kwao.

Kazaliwa New Jersey 1884, baba yake mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal. Mama kafariki Jessie akiwa mdogo, baba akaoa mjane mwenye watoto wake, wakazaa wengine tena. Mmoja wa hao wadogo zake ni Arthur Huff Fauset, mtafiti wa ngano na dini za watu weusi wa mijini. Nyumba ya vitabu vingi na fedha kidogo.

Akasoma sekondari ya wasichana Philadelphia, shule ya wenye akili. Alitaka kwenda chuo cha Bryn Mawr. Wakuu wa chuo hawakutaka mwanafunzi mweusi, ila hawakutaka pia kuonekana wamemkataa, wakasaidia apate ufadhili wa kwenda Cornell. Kule akamaliza 1905 na kuingizwa Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi bora, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani. Akarudi Philadelphia na cheti chake, sekondari za mji hazikumpa kazi kwa sababu ya rangi. Akafundisha Baltimore, kisha Washington miaka kama 13 katika shule ya M Street, ambayo baadaye iliitwa Dunbar. Kifaransa na Kilatini. Shahada ya uzamili akaichukua chuo kikuu cha Pennsylvania 1919, ndipo Du Bois akamwita New York.

Kwa hiyo ualimu haukuwa adhabu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, akairudia.

Yusufu wa Tatu
Mwalimu, marekebisho mawili.

Mwaka wa kuzaliwa ni 1882, tarehe 27 Aprili. Hiyo 1884 imezagaa kwenye vitabu vya zamani na inanakiliwa mpaka leo.

Na Phi Beta Kappa hakuwa wa kwanza nchini. Mary Annette Anderson wa chuo cha Middlebury alitangulia mwaka 1899. Fauset ana sifa za kumtosha, hana haja ya kuazimwa sifa ya mwenzake.

Mwl. Ndanda
@Yusufu wa Tatu asante kwa mwaka. Hoja yangu ya ualimu bado imesimama.

Njeri wa Nakuru
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Ni pesa! Waandishi wa maisha ya Du Bois wameeleza kwamba Fauset alimkopesha huyo mzee, na deni likachelewa kulipwa. Wewe mfanyie kazi mtu, umkopeshe, halafu kila asubuhi mnatazamana ofisini na hakuna anayeanza hayo mazungumzo. Utakaa kweli? Mimi nisingekaa.

Kalamu Kavu
@Njeri wa Nakuru inaonekana kuna mtu humu anadaiwa. Mkuu lipa.

Kasisi wa Vitabu
Dada Njeri, deni lilikuwepo, lakini watu hufanya kazi na wadeni wao miaka mingi. Chanzo ni fikra. Du Bois alifika mahali pa kusema sanaa yote ni propaganda na kwamba hajali sanaa isiyotumika kupigania haki za watu weusi. Hiyo ni hotuba yake ya 1926. Mhariri wa fasihi unafanyaje kazi chini ya bosi wa namna hiyo? Fauset alichapa shairi kwa sababu ni shairi. Alilichapa "Song of the Son" la Jean Toomer mwaka 1922, wakati Toomer hajulikani, na lile si bango la maandamano hata kidogo.

Yusufu wa Tatu
@Kasisi wa Vitabu kalenda haikubali. Hotuba hiyo ilitolewa Chicago mwezi Juni 1926, ikachapwa kwenye jarida Oktoba. Fauset alikuwa ameshaacha uhariri mapema mwaka huo. Jambo lililotokea baadaye haliwezi kuwa sababu ya lililotangulia.

Kasisi wa Vitabu
Hotuba ni Juni, ila mtu haanzi kufikiri siku anayosimama jukwaani. Msimamo ule ulikuwa unakomaa ofisini muda mrefu kabla. Mwanzoni mwa 1926 jarida lilianza kuwauliza waandishi mtu mweusi achorweje katika sanaa, na Fauset naye alijibu kama wachangiaji wengine. Ukianza kuulizwa swali lile na jarida ulilolihariri mwenyewe, ujue umeshatoka moyoni.

Mama Zuhra
Habari zenu. Nimesoma kimya, sasa niseme, maana kazi hii naijua kwa mikono yangu.

Nimewahi kushika ukurasa wa mashairi katika gazeti moja, silitaji. Mashairi yanakuja kwa barua, kwa simu, mengine mtu anakuletea mwenyewe anakaa mbele yako mpaka uyasome. Mizani haijatimia, vina vya kati vimelala, lakini ndani kuna ubeti mmoja unaokushtua. Unamwandikia mtu huyo. Unamwambia ubeti wa tatu ushike, huo mwingine uufumue. Anaandika tena. Miaka inapita, anakuwa mtu wa kualikwa kwenye makongamano, na wewe daftari lako la mashairi liko kabatini limejaa nusu. Mimi mashairi yangu niliyoyaandika miaka ile ni machache kuliko ya kabla na ya baada. Hakuna aliyenikataza. Usiku ukifika unakuta lugha yote uliyokuwa nayo umeshaitumia kwa wengine.

Halafu Fauset hakuwa na ukurasa mmoja kama mimi. Januari 1920 hadi Desemba 1921 kulikuwa na The Brownies' Book, jarida la watoto weusi, senti 15 nakala moja. Du Bois na Augustus Dill ndio wachapishaji kwenye karatasi, ila mwenye kusoma, kuchagua, kuandika na kujibu barua za watoto alikuwa Fauset. Matoleo 24! Na humo ndimo Hughes alimotokea kwanza, Januari 1921, na vishairi vya watoto, kabla ya mito. Mleta uzi, bahasha ya kwanza ilikuwa ya watoto.

Hesabu ya vitabu vyake ndiyo inayonishawishi. Riwaya ya kwanza, There Is Confusion, 1924. Akatoka ofisini. Zikaja Plum Bun, The Chinaberry Tree 1931 na Comedy: American Style 1933. Moja akiwa mhariri, tatu baada ya kuacha. Hakusukumwa na mtu. Alikwenda kutafuta muda wake.

Bint Mzizima
Mama Zuhra shikamoo, na asante kwa la Brownies' Book. Lakini shule nayo inakula muda. Watu wa chaki humu watasema.

Mwl. Ndanda
Inakula, ila ina likizo.

Kabwe wa L'shi
Jambo wote. Nipo Lubumbashi. Hamjagusa safari ya 1921 na ile inatuhusu sisi moja kwa moja.

Mwaka huo Fauset alikwenda Ulaya na Du Bois kwenye Kongamano la Pili la Waafrika na wenye asili ya Afrika. Vikao vilikuwa London, Brussels na Paris. Aliwakilisha chama cha wanawake wasomi weusi, Delta Sigma Theta, akazungumza kuhusu kazi ya wanawake weusi wa Marekani. Brussels magazeti ya Ubelgiji yalikuwa na wasiwasi mkubwa kwamba hawa watu wamekuja kuwasha moto Kongo. Na Mkongo mwenzetu alikuwemo ukumbini: Paul Panda Farnana, msomi wa kilimo, aliyepigana upande wa Ubelgiji katika Vita vya Kwanza na kufungwa na Wajerumani.

Fauset aliandika taarifa ya safari ile kwenye The Crisis ya Novemba 1921. Anaeleza walivyopelekwa kwenye makumbusho ya Kongo pale Tervuren, na kwamba baada ya kuuona utajiri uliopangwa mle ndani aliweza kuelewa kwa nini Wabelgiji wameapa kimoyomoyo kutoiachia nchi ile. Aliingia kama mgeni wa kutembezwa, akatoka ameisoma nia ya wenyeji wake. Mimi mwanamke huyu nilianza kumpenda hapo, riwaya zake nilikuwa bado sijazishika.

Msafiri Bado
Kabwe umenifurahisha. Kongamano la tano likawa Manchester 1945 na Kenyatta yupo. La sita likafanyika kwetu Dar es Salaam, chuo kikuu, 1974. Mzee wangu alikuwa mwanafunzi pale, alikuwa akisimulia wageni walivyojaa mlimani.

Na Hughes mwenyewe alifika Makerere Juni 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Ngũgĩ alikuwepo, kijana bado anaitwa James. Fauset alikuwa ameshafariki, 30 Aprili 1961, Philadelphia.

Njeri wa Nakuru
Ngũgĩ ndiye alimpa Hughes muswada wake pale, ama nakosea?

Msafiri Bado
Huyo alikuwa Chinua Achebe aliyeusoma muswada wa Ngũgĩ pale Makerere, ule wa Weep Not, Child. Lakini turudi kwa Fauset kabla hatujafukuzwa.

Kalamu Kavu
Kuna kitu hamjasema. Pale DeWitt Clinton, ile sekondari ya wavulana alikofundisha, ndiye aliyemfundisha mwandishi James Baldwin. Kwa hiyo katoa Hughes na Baldwin!

Mjomba wa Bronx
Kalamu Kavu taratibu. Mimi naishi Bronx, shule ile napita karibu nayo. Fauset alianza kufundisha DeWitt Clinton mwaka 1927, wakati huo ikiwa bado Manhattan, ikahamia huku 1929. Aliendelea mpaka 1944. Baldwin alisoma hapo na kumaliza 1942, na alihariri jarida la wanafunzi, Magpie. Kwamba walikuwa shule moja miaka ileile, ni kweli. Lakini mwalimu anayetajwa katika maisha ya Baldwin ni mshairi Countee Cullen, na ni katika shule aliyotangulia kusoma, Frederick Douglass Junior High. Cullen naye kasoma DeWitt Clinton. Usimpe Fauset mtoto wa Cullen.

Na mimi nilikuja na swali: mbona hakuna aliyetaja chakula cha usiku cha 21 Machi 1924?

Bint Mzizima
Taja mjomba.

Mjomba wa Bronx
Ukumbi wa Civic Club, New York. Wazo la mwanzo ni kusherehekea riwaya ya Fauset iliyotoka. Charles S. Johnson, mhariri wa Opportunity ambalo ni jarida shindani, akalipanua likawa karamu ya waandishi vijana wote, akakaribisha wachapishaji na wahariri wa kizungu, watu zaidi ya 100. Mshereheshaji akawekwa msomi Alain Locke. Wakazungumza wakubwa, Cullen akasoma mashairi. Mwenye riwaya akaja kupewa nafasi mwishoni kabisa.

Usiku uleule Paul Kellogg wa jarida la Survey Graphic alitoa nafasi ya toleo zima kuhusu Harlem. Likatoka Machi 1925, mhariri Locke. Likageuka kitabu, The New Negro, mhariri Locke. Fauset yumo kwa insha moja tu, ile ya vicheko na waigizaji weusi.

Hakusahau. Miaka karibu kumi baadaye, Locke alipoihakiki riwaya yake ya mwisho, alimwandikia barua kali na usiku ule akaukumbusha.

Kwa hiyo kama ni kusukumwa, alisukumwa 1924, na si Du Bois aliyemsukuma. Alikuwa ameandaa shamba, mavuno yakaandikwa jina lingine.

Kasisi wa Vitabu
Mjomba hapo umenigusa. Ila Hughes alimlipa heshima. Katika The Big Sea ya 1940, kitabu cha maisha yake, amemtaja pamoja na Johnson na Locke kuwa wakunga watatu wa fasihi ile mpya.

Bint Mzizima
Heshima gani hiyo? Locke na Johnson hawakuandika riwaya hata moja, kuitwa wakunga ni sifa kwao. Fauset alizaa mwenyewe. Nne! Hughes huyohuyo anasimulia vikao vya nyumbani kwa Fauset, watu wanasoma mashairi na kuzungumza Kifaransa, wazungu hawaingii ovyo kwa sababu mwenye nyumba hakutaka watalii sebuleni kwake. Ukisoma haraka unabaki na picha ya mama mkarimu wa chai. Vitabu vyake viko wapi kwenye picha hiyo?

Profesa wa Kijiweni
Nitasema lisilopendwa. Vitabu vyenyewe si vikali. Watu weusi wenye piano na mapazia, wasichana wanaotafuta mume wa heshima. Robert Bone mwaka 1958 alimweka kwenye kundi la walinzi wa nyuma, waliobaki wakati wenzao wanasonga mbele. Hughes aliandika bluzi, mwenzake Claude McKay akaandika bandari. Huyu akaandika sebule.

Mama Zuhra
Profesa, Plum Bun umeisoma au umemsoma Bone?

Angela Murray, msichana mweusi mweupe wa ngozi, anahamia New York na kuishi kama mzungu. Dada yake mweusi kidogo kuliko yeye anamfuata. Angela anakwenda kumpokea stesheni. Mara anatokea mwanaume wa kizungu anayemtaka Angela, na Angela pale kituoni anamkana dada yake wa damu. Sebule gani hiyo? Mle ndani kuna kisu.

Na hayo mapazia yalikuwa vita. Mchapishaji mmoja aliirudisha riwaya yake ya kwanza akisema wasomaji wazungu hawatarajii watu weusi wawe hivi. The Chinaberry Tree ilitoka baada ya mwandishi mzungu mashuhuri, Zona Gale, kuiandikia dibaji, kana kwamba mtu mweusi aliyesoma anahitaji mdhamini ili aaminike yupo. Kuwaandika watu wale kulimgharimu kuliko kuandika vilabu vya pombe, maana vilabu ndivyo vilivyokuwa vinanunuliwa.

Profesa wa Kijiweni
Ile ya stesheni nakubali ina nguvu. Comedy: American Style siiachii.

Ghani wa Pangani
Uzi umefika mbali na mleta uzi alisema mshairi, sijaona shairi.

Fauset hakutoa diwani. Mashairi yake yametawanyika kwenye The Crisis na kwenye mikusanyiko ya wengine: ya James Weldon Johnson ya 1922 na ya Cullen ya 1927. Mengi ni ya mapenzi yaliyopoa, mafupi, vina vimekaa sawasawa, na majina anapenda ya Kifaransa. "La Vie C'est la Vie" ni mtu ameketi bustanini na anayempenda yeye, huku moyo wake uko kwa asiyempenda. "Dead Fires" linauliza kama amani ya moyo uliokufa ni bora kuliko maumivu.

Tofauti kabisa ni "Oriflamme". Linaanza na kumbukumbu ya Sojourner Truth, mama yake anatazama nyota na kuwaza watoto waliouzwa, kwamba wako wapi sijui, lakini wao wanazitazama nyota hizihizi. Kutoka hapo Fauset anawageuza wana wale kuwa wapiganaji. Ukilisoma hilo unaona hoja ya Kasisi na ya Mama Zuhra zote zimeumbika ndani ya mtu mmoja.

Pia alitafsiri. Massillon Coicou wa Haiti, aliyepigwa risasi Port-au-Prince mwaka 1908, wasomaji wengi wa The Crisis walimpata kupitia yeye.

Kabwe wa L'shi
Kifaransa chake kilikuwa cha kazi kweli. Mwaka 1924 alirudi Paris kusoma, akavuka mpaka Algiers, na makala ya safari ile ikatoka 1925. Njiani aliona Waafrika wakiishi chini ya Ufaransa, nchi ambayo Harlem walikuwa wanaisifia. Labda alirudi New York na macho mengine, ofisi ikawa ndogo. Hili ni wazo langu.

Njeri wa Nakuru
Sababu sasa ni tano. Deni, propaganda, muda wa kuandika, karamu ya Locke, na Algiers. Mimi nabaki na deni. Na msisahau jarida lenyewe lilikuwa linapoteza wasomaji. Mwaka 1919 lilifika nakala kama 100,000, baada ya hapo likawa linateremka tu. Mshahara unatoka wapi?

Yusufu wa Tatu
Niongeze la sita, maana wote mmeruka barua yake mwenyewe.

Alipokuwa anaondoka aliandika kwa Joel Spingarn wa NAACP, kumwomba amsaidie kupata kazi nyingine. Ualimu haukuwa juu ya orodha. Alitaka kazi ya kusoma miswada kwenye kampuni ya uchapishaji. Na akaongeza kwamba ikiwa rangi ndiyo tatizo, yuko tayari kufanyia kazi nyumbani.

Mtu amehariri fasihi ya jarida kubwa kuliko yote ya watu weusi nchini. Amemwona Hughes, amemwona Toomer. New York imejaa kampuni zinazochapa waandishi wale wale aliowatoa. Naye anajitolea asionekane ofisini, apelekewe miswada mlangoni. Hakuna kampuni iliyompa kazi hiyo.

Mwl. Ndanda, hapa ndipo hoja yako ya ualimu inaponikwama. Hakuurudia kwa kuupenda. Ulikuwa mlango uliobaki.

Mwl. Ndanda
Barua ile naijua. Lakini Yusufu, mtu anaweza kuingia kwa mlango uliobaki na bado akakaa miaka 17. Hilo nalo lielezeni.

Bint Mzizima
Mwalimu, aliolewa 1929, riwaya ya mwisho ikatoka 1933 katikati ya mdororo wa uchumi wakati wachapishaji wamefunga mifuko. Angekwenda wapi?

Ghani wa Pangani, tunaomba "Oriflamme" kwa Kiswahili ukipata nafasi. Mizani uchague mwenyewe.

Ghani wa Pangani
Nimeshaanza. Beti zake mbili nitazileta Ijumaa, Mama Zuhra azikague.

Mama Zuhra
Lete. Na vina vya kati nitavitazama.